Kalanga haiombi urea, inaomba chokaa

Mvua inakaribia. Katika kambi za Likasi, Kolwezi na Lubumbashi bamama wamekwisha kushika majembe, na wengine wanamwomba bwana atoe franga kwa mushahara, wanunue urea ya kalanga. Bamama, ngojeni kwanza. Urea hiyo pelekeni kwa mahindi.

Kalanga inajitafutia azoti yenyewe. Ndani ya udongo kuna vidudu visivyoonekana kwa macho, wataalamu wanaviita rizobiumu. Vinaingia kwa mizizi na kufanya vivimbe vidogo, na humo vinashika azoti ya hewa, vinailisha kalanga. Kalanga nayo inavilipa sukari. Ukimwaga urea, kalanga inaona chakula kiko tayari, inaacha kuvilisha vidudu. Tena, urea ya kila mwaka inaongeza asidi ya udongo.

Na asidi njo shida yenyewe. Udongo wetu mwekundu wa Katanga unayo mingi. Wanaume wa kiwanda wanajua dawa yake: maji ya asidi wanayatuliza na chokaa. Shambani ni vile vile. Penye asidi mingi alumini inaharibu mizizi, vidudu vinalegea, kalsiumu inapunguka. Unavuna maganda mazuri, unavunja: mutupu! Maana ganda la kalanga halingojei kalsiumu ya mizizi; linanyonya lenyewe kwa udongo unaolizunguka. Kwa hiyo chokaa isizikwe chini sana. Ichanganywe kwa sentimetre 10 za juu, wiki kadhaa mbele ya kupanda. Itafuteni chokaa ya kilimo, jiwe lililosagwa. Ile kali ya kiwanda inaunguza ngozi na macho, musiilete kwa watoto. Ukikosa, majivu ya jikoni yanasaidia kidogo.

Paketi ya rizobiumu je? Kalanga haichagui sana: vidudu vya kunde vinaifaa, na mara nyingi viko tayari shambani. Soya njo inachagua, na paketi ya soya haisaidii kalanga.

Siku 40 hivi baada ya kupanda, chimba mmea mmoja na jembe, usiuvute, vivimbe vitabaki chini. Osha mizizi, pasua kivimbe na kucha. Ndani kukiwa kwekundu, vidudu vinafanya kazi, usinunue kitu. Kukiwa kweupe ao kijani, beba udongo kidogo kwa agronome, apime asidi yake mbele ya franga kutoka.