Stima Ikirudi, Subiri Dakika 5 Kabla ya Kuwasha Friji

Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilikosa umeme kwa saa kadhaa. Umeme unaporudi baada ya kukatika hivyo, watoto hushangilia na watu wazima huwasha kila kitu kwa pamoja. Lakini dakika hizo za mwanzo zina hatari yake. Taa hufifia, feni husuasua, na pengine stima huzimika tena. Kwa muuza samaki mwenye friza, au mgonjwa wa kisukari anayehifadhi insulini, friji ikiungua ni hasara kubwa.

Kwa nini taa hufifia?

Umeme unaotoka bara huingia Pwani kupitia kituo kikubwa cha Rabai, katika kaunti jirani ya Kilifi. Hadi kufika mitaani huwa umeshushwa hadi volti 11,000, kisha transfoma ya mtaa huupunguza hadi volti 240 tunazotumia nyumbani.

Ndani ya transfoma mna chuma kilichozungushiwa nyaya. Umeme hukifanya chuma hicho kuwa sumaku, na mwelekeo wa sumaku hiyo huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Umeme ukikatika, chuma hubaki na sumaku kidogo. Ukirudishwa kwa wakati usioafikiana na masalio hayo, chuma hujazwa sumaku kupita kiasi kinachoweza kubeba. Kikishashiba, transfoma huvuta mkondo mkubwa ghafla, ambao waweza kufikia mara 10 ya ule wa kawaida.

Ni kama maji ya mtaa. Jirani wa kwanza akifungua mfereji wote, aliye mwisho wa bomba hupata matone. Vivyo hivyo, transfoma moja ikivuta kwa nguvu, volti hushuka kwa wote walio kwenye laini hiyo. Mara nyingi hali hii hutulia baada ya sekunde chache, lakini papo hapo friji, viyoyozi na pampu za maji za mtaa mzima nazo huanza kuvuta. Mzigo ukizidi, vifaa vya kinga hukata umeme tena.

Ndiyo maana baada ya giza la nchi nzima, mafundi huwasha mitambo kituo baada ya kituo. Wenye maghala na viwanda vyenye transfoma zao, kama vile maeneo ya Kilindini na Shimanzi, nao wanashauriwa kuwasha transfoma kwanza, kisha mashine moja baada ya nyingine.

Friji huumiaje?

Kompresa ya friji ikizimika, gesi iliyoshindiliwa ndani yake huhitaji dakika kadhaa kutulia. Ikilazimishwa kuanza mapema, au volti zikiwa chini, mota hukwama, hupata moto na huweza kuungua.

Mkazi afanye nini?

• Stima ikipotea, chomoa friji, televisheni na kiyoyozi. Acha taa moja ikiwa imewashwa ili ujue umeme umerudi.
• Umeme ukirudi, subiri dakika 5. Taa ikiwa imetulia, washa vifaa kimoja kimoja.
• Ukiweza, tumia kifaa cha kulinda friji, kinachochelewesha umeme hadi volti zitulie.
• Taa zikiendelea kufifia, au zikiwaka kwa ukali usio wa kawaida, hiyo ni hitilafu nyingine. Zima swichi kuu na uripoti kwa Kenya Power kupitia 97771 au *977#.
• Usiguse transfoma wala nyaya zilizoanguka.

Kifaa kikiharibika, andika tarehe na saa, piga picha, weka risiti ya fundi na nambari ya ripoti yako. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inataja fidia kwa hasara inayotokana na umeme duni. Anza kwa kampuni ya umeme. Usiporidhika, peleka lalama kwa mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA.

Mweleze na jirani yako. Mtaa mzima ukisubiri kidogo, mzigo hupungua kwa wote.