Feni ya Kutoa Hewa Bafuni: Namna ya Kumpata Fundi Anayefaa

Bafu lisilo na dirisha si jambo geni tena katika majengo ya ghorofa ya Dar es Salaam, na hata katika nyumba za kawaida bafu la chumbani mara nyingi hupangwa mahali ambapo ukuta wa nje haufikiwi. Mvuke wa maji ya moto usipopata pa kutokea hutua kwenye dari, nyuma ya kabati na kwenye fremu ya mlango. Katika ukanda wa pwani, ambako hewa yenyewe imekwisha kubeba unyevu wa bahari, wiki chache za masika hutosha kuotesha ukungu mweusi pembeni mwa dari. Ndipo mwenye nyumba anapoamua kununua feni ya kutoa hewa. Feni yenyewe ni kitu kidogo. Kazi ya kuifunga, hata hivyo, hukutanisha umeme, maji na mtu asiyevaa viatu. Kwa sababu hiyo uteuzi wa fundi una uzito kuliko uteuzi wa feni.

Kwa Tanzania Bara, mtu anayefanya kazi ya kufunga mifumo ya umeme kwa malipo anapaswa kuwa na leseni inayotolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Leseni hizo zina madaraja, na daraja ndilo linaloonyesha ukubwa wa kazi ambayo mwenye leseni anaruhusiwa kuifanya. Feni ya bafuni haihitaji mkandarasi wa viwanda, lakini inahitaji mtu aliye ndani ya utaratibu huo. Mwombe fundi akuonyeshe leseni yake, kisha usome mambo matatu: jina, daraja na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukiwa na shaka, ofisi ya EWURA ya kanda yako inaweza kuulizwa. Fundi wa kweli haoni haya kuulizwa. Anayekasirika kwa swali hilo amekwisha kukujibu.

Wapo wanaosema kwamba kazi ndogo kama hii haistahili usumbufu wote huo, kwa kuwa TANESCO haikagui feni. Ni kweli kwamba wajibu wa shirika hilo huishia kwenye mita, na nyaya za ndani ni mali na dhamana ya mwenye nyumba. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kuwa mwangalifu. Nyumba mpya inapoombewa umeme, mkandarasi mwenye leseni huhusika tangu mwanzo. Feni inapoongezwa miaka 5 baadaye, hakuna jicho lingine isipokuwa lako.

Kabla ya kumwita fundi kwa feni iliyoharibika, tazama kwanza kama kweli imeharibika. Washa feni, funga mlango, kisha sogeza kipande chepesi cha karatasi ya chooni kwenye wavu wake. Karatasi ikinata, hewa inavutwa. Isiponata ilhali panga zinazunguka, zima breka ya saketi hiyo na uangalie wavu: vumbi lililochanganyika na mvuke hugeuka utando mzito, nao huziba njia. Usafi wa namna hiyo unaweza kuufanya mwenyewe kwa kitambaa kikavu, maadamu umeme umezimwa kwenye breka na si kwenye swichi ya ukutani peke yake. Feni inayovuma bila kuzunguka ni habari nyingine. Huenda bushi zimekauka au kapasita imechoka, na mota iliyokwama huku inapokea umeme hupata moto. Izime na usiiwashe tena hadi fundi afike. Kwa feni ndogo za bei nafuu, mara nyingi gharama ya kutengeneza mota hukaribia bei ya feni mpya, na fundi mwaminifu atakuambia hivyo kabla hajafungua begi lake.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe. Watu wengi huamini kwamba breka iliyo kwenye kisanduku cha umeme inawalinda wao. Breka ya kawaida hulinda nyaya zisiungue. Breka ya ampea 10 huacha mkondo wa ampea 10 upite bila kuguswa, ilhali mkondo wa sehemu ndogo sana ya ampea moja, ukipita mwilini mwa mtu aliyelowa, unatosha kumuua. Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine, kinachojulikana kwa mafundi kama RCD, ambacho hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Kikiona miliampea 30 zimepotea njia, hukata umeme mara moja. Kwa saketi yoyote inayoingia bafuni, mwambie fundi akuonyeshe kifaa hicho kilipo na akibonyeze kitufe chake cha majaribio mbele yako. Kama hakipo, gharama ya kukiweka iingizwe katika makubaliano hata kama itazidi bei ya feni. Vivyo hivyo uulize kuhusu ethi. Feni yenye mwili wa chuma isiyounganishwa na waya wa ethi haifai kufungwa, na ethi isiyofika kwenye nondo iliyozikwa ardhini ni waya wa mapambo tu.

Mahali pa kuiweka pia pana kanuni zake. Eneo la juu ya sehemu ya kuogea, hadi kimo cha mita 2.25 kutoka sakafuni, huhesabiwa kuwa ni la kurushiwa maji, pamoja na sentimita 60 pembeni mwake. Feni ya kawaida isiwekwe humo. Ikibidi, iwe ile yenye alama ya IPX4 au zaidi, ambayo hustahimili maji yanayorushwa kutoka pande zote. Swichi yake ikae nje ya mlango. Viungo vya nyaya viwe ndani ya kisanduku chenye mfuniko. Nyaya zilizosokotwa pamoja na kuzungushiwa utepe juu ya dari hazikubaliki, ingawa ndiyo njia ya haraka ambayo vibarua wengi huizoea.

Kosa jingine ni lile lisiloonekana. Chukua mfano wa mwenye nyumba aliyefungiwa feni nzuri kwenye dari ya jipsam. Bafu likakauka, akashukuru, akalipa. Fundi, hata hivyo, hakuweka bomba. Hewa yote yenye mvuke ilikuwa inamwagwa kati ya dari na paa. Mbao zikalowa, jipsam ikaanza kulegea, na doa la kahawia likatokea chumbani. Feni ilifanya kazi yake kikamilifu na ndiyo iliyoharibu nyumba. Hewa sharti ifikishwe nje, kwa bomba fupi lisilo na kona nyingi, nalo liishie kwenye kifuniko kinachojifunga feni inapozimwa ili wadudu na mvua visiingie. Kwa nyumba za karibu na bahari, skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Kuhusu ukubwa, hesabu ni nyepesi. Zidisha urefu, upana na kimo cha bafu kwa mita, kisha zidisha jibu kwa 8, kwa kuwa hewa ya bafu inafaa kubadilishwa takriban mara 8 kwa saa. Bafu la mita 2 kwa 1.5 lenye kimo cha mita 2.5 lina mita za ujazo 15 mara nusu, yaani 7.5, hivyo linahitaji feni ya mita za ujazo 60 kwa saa, na feni nyingi za inchi 4 hutosha. Tena iachwe nafasi ya kama sentimita 1 chini ya mlango, maana feni haiwezi kutoa hewa ambayo haina pa kuingilia. Gharama ya umeme isikutishe: feni ya wati 20 ikiwaka saa 1 kila siku hutumia uniti 0.6 tu kwa mwezi.

Tahadhari moja isicheleweshwe. Kama bafuni mna hita ya maji inayotumia gesi, au jiko la mkaa huwashwa karibu na mlango, usifunge feni kabla ya kumweleza fundi. Feni inaweza kuvuta kuelekea kwako moshi wenye hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hita ya namna hiyo ihamishiwe nje kwanza.

Makubaliano yaandikwe, hata kwenye karatasi moja: kazi itakayofanywa, nani ananunua vifaa, bei ya ufundi, muda wa dhamana, na namba ya leseni. Ni salama zaidi ununue feni mwenyewe, yenye alama ya ubora ya TBS, na udai risiti ya EFD. Malipo ya awali yasizidi gharama ya vifaa. Fungu la mwisho libaki mkononi mwako hadi umefanya jaribio la karatasi na kuona kitufe cha RCD kikikata umeme.

Kazi ikiharibika, mwandikie fundi kwanza, ukitaja tarehe na kasoro, na umpe muda wa kurekebisha. Asiporekebisha, lalamiko kuhusu mwenye leseni lipelekwe EWURA, likiambatana na makubaliano, risiti na picha. Feni unayoshuku kuwa ni bandia ni suala la Tume ya Ushindani. Iliyo chini ya kiwango ni la TBS. Madai ya fedha yanaweza kufikishwa mahakama ya mwanzo. Kifaa chenyewe usikitupe wala kumruhusu fundi akichukue, kwa kuwa ndicho ushahidi wako.