Ngoma ya beni na matarumbeta: kwa nini wazee hawayasahau

Jumatano moja darasa letu lilivunjika mapema. Halikuvunjika kwa mvua wala kwa msiba. Lilivunjika kwa sababu ya ngoma.

Tulikuwa tunasoma sentensi ubaoni: "Bendi inapita barabarani." Mzee mmoja, ambaye siku zote hukaa karibu na dirisha, akaweka kalamu chini. Akasema, "Mwalimu, bendi za siku hizi siyo bendi. Bendi niliiona mimi mwaka wa Uhuru." Mama mmoja wa nyuma akadakia, "Na beni je, mzee? Baba yangu alikuwa mtu wa beni." Basi, kusoma kukaishia hapo. Kila mwenye umri alikuwa na lake la kusema, na vijana wakabaki kuuliza: beni ni kitu gani?

Ndugu msomaji, huenda na wewe unauliza hivyo. Neno beni limetoka katika neno la Kiingereza la bendi. Ngoma hii ilianza pwani ya Kenya, Mombasa na Lamu, katika miaka ya 1890. Watu wa pwani waliona bendi za askari na za manowari zikipita na ngoma na matarumbeta. Wakazichukua, wakazifanya zao. Walivaa sare, walipanga mistari, walitembea kwa gwaride. Wakajipa na vyeo: kulikuwa na Kingi, kulikuwa na Jenerali, mpaka Kaisa alikuwepo. Lakini nyimbo zilikuwa za Kiswahili, na mashindano yalikuwa ya mitaa yao wenyewe.

Ikaja vita kuu ya 1914 hadi 1918. Sisi wa Kilimanjaro vita hiyo tuliiona kwa macho, maana mapigano yalikuwa hapo Taveta, na Machi 1916 Waingereza wakaingia Moshi. Askari wa Wajerumani, askari wa Keya na wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi walitembea nchi nzima. (Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam limetokana na wapagazi hao.) Wapagazi hawa na askari ndio walioisambaza beni. Vita ilipokwisha, karibu kila mji wa Tanganyika ulikuwa na vyama viwili vya beni vilivyoshindana: Marini na Arinoti. Marini walijiona waungwana zaidi. Arinoti walipokea sana watu wa kazi za mikono na wageni kutoka bara. Mtu akitoka mji mmoja kwenda mwingine aliuliza tu, "Arinoti wanakaa wapi?" akapata mwenyeji.

Hapo ndipo yule mama alipotuambia habari ya baba yake. Baba huyo alitoka huku mlimani akiwa kijana akaenda Tanga kutafuta kazi. Alisafiri kwa treni, maana reli ya Tanga ilikuwa imefika Moshi tangu 1911. Huko akajiunga na Arinoti. Alikuwa na rafiki aliyekuwa anapiga ngoma kubwa, mtu asiye na ndugu mjini. Rafiki huyo akaugua, akafa. "Baba alisema chama ndicho kilichonunua sanda, na wachezaji ndio waliochimba kaburi," alisema yule mama. "Ngoma haikupigwa wiki hiyo. Aliisimulia hiyo kuliko sare, kuliko ushindi."

Darasa zima lilinyamaza. Kijana mmoja, ambaye mwanzoni alisema eti beni ilikuwa kuiga wazungu tu, aliinama akaanza kuchonga penseli yake.

Mimi sikumlaumu, kwa kuwa hata mimi nilifikiri hivyo nilipokuwa chuo cha ualimu. Lakini jambo hili lina pande mbili. Kweli waliiga sare na vyeo. Hata hivyo, wanachama walitoa michango yao, walisaidia wagonjwa, walizika maiti, na matawi yao yalikuwa na mawasiliano mji kwa mji. Serikali ya Waingereza ilipoona Waafrika wanajipanga hivyo, bila kuamriwa na mtu, iliwatilia shaka. Mtu anayeiga tu hatiliwi shaka. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, aliandika kitabu kizima juu ya beni. Kilitoka mwaka 1975.

Mzee wa dirishani hakuridhika. Yeye habari yake ni matarumbeta. Huku kwetu matarumbeta yana njia nyingine: yaliletwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani, ambao walianza kazi Machame mwaka 1893. Sharika nyingi za mlimani zikawa na vikundi vya matarumbeta, na viko mpaka leo. Mimi mwenyewe nimekua nikiamshwa nayo asubuhi ya Pasaka, giza bado halijatoka, sauti inashuka migombani kama maji ya mfereji. Leo hii unayasikia zaidi harusini: wapigaji wamepanda nyuma ya gari, wanatangulia mbele ya maarusi.

Mzee anasema mwaka 1961, wakati wa Uhuru, alikuwa mtoto. Alisimama kando ya barabara Moshi mjini na kaka yake, bendi ikapita. Wimbo haukumbuki. Anakumbuka kifua chake. "Ile ngoma kubwa ilinipiga hapa," alisema, akagusa mbavu. Halafu akauliza swali ambalo nilipaswa kwenda kulitafutia jibu: "Mbona watu wa nyuma kabisa miguu yao haikuwa sawa na ya mbele, na walikuwa wamefundishwa vizuri?"

Jibu ni hili. Katika gwaride, ngoma kubwa huangukia mguu wa kushoto. Mwendo wa kawaida ni kama hatua 120 kwa dakika, yaani hatua moja kila nusu sekunde. Sauti nayo haifiki papo hapo. Inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Mtu aliye mita 85 nyuma ya ngoma huisikia imechelewa robo sekunde, na hiyo ni nusu ya hatua. Basi yeye anafuata ngoma sawasawa kabisa, lakini ukimtazama kutoka kando unamwona amekosea.  Na ile kugonga kifuani? Ngozi ya ngoma kubwa inasukuma hewa nyingi taratibu, na hewa hiyo inatikisa mwili. Mzee alikuwa amesema kweli.

Watu wa mbali nao wana kumbukumbu kama hizi. Huko Marekani, wanajeshi waliorudi kutoka vita ile ile ya 1914 hadi 1918 waliunda vikundi vya ngoma na tarumbeta kwa ajili ya vijana wa miji yao. Mwaka 1972 vikundi hivyo vilianza mashindano yao makuu ya kila mwaka, na wapenzi wake hubishana miaka arobaini baadaye nani alipiga vizuri. Mama yetu aliposikia alicheka sana. "Kumbe Marini na Arinoti wako hata Marekani!"

Beni yenyewe ilififia mijini dansi ilipoingia na magitaa yake. Zanzibar bado inapigwa harusini. Huku mlimani sijaikuta.

Jumatano iliyofuata mzee alikuja na daftari. Alikuwa ameandika kurasa mbili juu ya siku ile, kwa penseli, herufi kubwa. Alinisomea kwa sauti, polepole. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema sare haziwezi kuwa zilikuwa nyeupe, na yeye pia alikuwepo siku ile. Mzee akasema zilikuwa nyeupe. Mpaka naandika haya hawajapatana, na mama naye ameomba daftari.