Uchenjuaji wa Nikeli ya Lateraiti kwa Nishati Ndogo: Mazingatio kwa Ukanda wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna nikeli inavyoweza kupatikana kutoka kwenye lateraiti bila tanuri. Inajenga hoja kwamba nishati inayookolewa huhamia kwenye asidi, na kwamba jambo hilo linauhusu mpaka wa Kenya na Uganda hata pasipo mgodi wa nikeli.

Utangulizi

Sehemu kubwa ya nikeli ya nchi kavu imo katika lateraiti, yaani udongo uliotokana na kuchakaa kwa miamba yenye magnesiamu nyingi katika maeneo ya joto na mvua. Katika Afrika Mashariki, akiba za namna hiyo zipo Musongati nchini Burundi na Dutwa nchini Tanzania. Vilima vya Sukulu, Tororo, navyo vimezungukwa na udongo wa kuchakaa, lakini mwamba mama ni kabonatiti. Kwa hiyo udongo huo hujulikana kwa fosfeti, chuma na niobiamu.

Kutoka joto hadi asidi

Maji huweza kufikia theluthi ya uzito wa lateraiti. Tanuri ya umeme hulazimika kuyafukuza, kisha kuyeyusha udongo wote kwa joto linalozidi nyuzi 1,400 za Selsiasi, ilhali nikeli iliyomo ni asilimia 1 hadi 3 tu. Mbinu ya asidi chini ya mgandamizo, iliyoanzia Moa nchini Cuba mwaka 1959, hutumia nyuzi 250 hivi, ila mitambo yake ni ya gharama kubwa. Katika uchenjuaji wa lundo, udongo hufinyangwa kuwa vidonge, hurundikwa juu ya utando usiopitisha maji, na kunyunyiziwa asidi ya salfuriki kwa miezi kadhaa bila kupashwa joto.

Hata hivyo, asidi nayo ina gharama ya nishati. Tuchukue mfano wa udongo wenye nikeli asilimia 1.2, unaotumia kilo 400 za asidi kwa tani na kutoa asilimia 70 ya nikeli yake. Tani 1 ya nikeli itahitaji udongo tani 119 na asidi tani 48 hivi, inayotokana na salfa tani 16. Hivyo basi, udongo uchenjuliwe palepale ulipo, na kinachosafirishwa kiwe salfa badala ya asidi. Kuchoma salfa hutoa joto la kuzalisha mvuke na umeme. Asidi ikitengenezwa mbali, joto hilo haliufikii mgodi.

Maana yake kwa Busia na Tororo

Kwanza, salfa inayoshushwa Mombasa na kupelekwa bara kwa Ushoroba wa Kaskazini hupitia Malaba au Busia. Vituo vya pamoja vya mpakani, vilivyobuniwa kuharakisha forodha, vinahitaji pia utaratibu mmoja wa kushughulikia shehena hatari.

Pili, Tororo si ngeni kwa asidi. Katika miaka ya 1960 na 1970 fosfeti ya Sukulu ilitengenezewa mbolea hapo. Mawe ya chokaa yanayolisha viwanda vya saruji ndiyo pia hutumika kuzimua mabaki yenye asidi.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, ni maji. Mvua nyingi huongeza ujazo wa myeyusho katika lundo na kuhatarisha mabwawa ya kuuhifadhi. Mto Sio, ambao kwa sehemu ndio mpaka wenyewe, huingia Ziwa Viktoria. Mto Malaba huelekea upande wa Kyoga. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Busia tayari hutumia zebaki katika bonde hilo. Leseni itolewayo na nchi moja yaweza kuchafua kisima cha nchi nyingine.

Hitimisho

Washauri wa sera wasikubali dai la “nishati ndogo” kabla ya kuonyeshwa hesabu nzima ya salfa, usafiri, chokaa na mabaki. Kwa kiwanda chochote cha asidi katika ukanda huu, Kenya na Uganda zipime maji kwa pamoja kabla ya leseni kutolewa, wala si baada ya madhara kutokea.