Kujijua Nafsi: Msingi wa Uongozi wa Mchungaji

Tunapozungumza juu ya uongozi katika Kanisa, mara nyingi twaanza na kazi: kuhubiri, kusimamia fedha, kuongoza baraza la wazee. Mtume Paulo hakuanza hapo. Alipomwagiza Timotheo (1 Tim. 4:16), alitaja kwanza nafsi ya mtumishi, ndipo mafundisho yake. Katika makala hii twataka kueleza kwa nini utaratibu huo ni wa lazima.

Kujijua nafsi ni kutambua yanayotusukuma: tunachokipenda, tunachokiogopa, na tunachokithamini hata kukubali hasara kwa ajili yake. Daudi, aliposikia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake, alimhukumu kwa ghadhabu, asijue kwamba anajihukumu mwenyewe (2 Sam. 12). Hatari hiyo ni yetu pia. Mchungaji mwenye njaa ya kusifiwa, asiyejua kwamba anayo, ataiita bidii ya Injili. Na ampingaye atamwita adui wa Kanisa. Usharika ndio utakaoumia.

Twajijuaje basi? Si kwa kujichunguza peke yetu, kwa maana moyo ni hodari wa kujitetea. Martin Luther, katika mafundisho ya Maungamo ndani ya Katekisimo Ndogo, amtaka Mkristo ajipime kwa Amri Kumi mahali alipowekwa: akiwa mzazi au mtoto, bwana au mtumishi. Dietrich Bonhoeffer aliongoza seminari ya Kanisa la Ungamo huko Finkenwalde tangu 1935 hata polisi wa siri wa Hitler walipoifunga mwaka 1937. Hapo aliwahimiza wanafunzi waungamiane dhambi zao wao kwa wao.

Nayo tunayoyathamini hudhihirika siku ya kulipa gharama. Mwezi Juni 1939 Bonhoeffer alifika New York, penye kazi na usalama. Baada ya majuma machache alirudi Ujerumani, akiamini kwamba asiposhiriki majaribu ya watu wake hatakuwa na haki ya kushiriki kuwajenga upya. Alinyongwa tarehe 9 Aprili 1945. Lakini mtu huyu imara, akiwa gerezani mwaka 1944, aliandika shairi akijiuliza yeye ni nani: shujaa wanayemwona wengine, au mnyonge anayemjua mwenyewe? Hakupata jibu ndani yake. Alijikabidhi kwa Mungu amjuaye.

Hapo ndipo msingi wetu ulipo. Aliyehesabiwa haki kwa imani hana haja ya kujificha. Aweza kuitazama nafsi yake bila kukata tamaa na kuongoza bila kujikweza.

Basi, ndugu wachungaji na wanafunzi wa theolojia, tujiulize: ni nani aliye karibu nasi awezaye kutuambia kama Nathani alivyomwambia Daudi? Ikiwa hatuna mtu huyo, na tumtafute kabla hatujaketi tena kuwaamua wengine.