Kipindi cha Michezo ni cha Darasa Zima, si cha Timu Pekee

Wapo wazazi na walimu wanaoihesabu michezo kuwa ni mapumziko tu ya masomo. Hata hivyo, mtoto wa shule ya msingi anapokimbia, kuruka na kudaka mpira, huwa anajifunza, kama anavyojifunza kusoma na kuhesabu.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, yakiwemo ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki.

Michezo yetu ya jadi inatosha kuanzia. Rede humzoeza mtoto kulenga na kukwepa. Kuruka kamba humjengea pumzi na kuupa mwili mizani. Mdako, ambao mchezaji hurusha kete juu, akachota nyingine na kuiwahi ya kwanza kabla haijaanguka, huyapatanisha macho na vidole.

Stadi hizi zinahusiana moja kwa moja na kujiamini. Mtoto asiyeweza kudaka mpira huchekwa, akichekwa hujitenga, na akijitenga hukosa mazoezi ambayo yangemwezesha kudaka. Hivyo huzidi kuachwa nyuma na wenzake mwaka hadi mwaka.

Mashindano ya UMITASHUMTA yana nafasi yake katika kuibua vipaji, lakini timu ya shule huchukua wachache. Wanaobaki nao wanahitaji kufundishwa. Mwalimu anaweza kuligawa darasa katika vikundi vidogo, kila kimoja na mpira wake, hata uliofungwa kwa makaratasi na kamba, ili zamu ya kila mtoto ije mara nyingi. Waanze kurushiana kwa karibu, kisha umbali uongezwe kidogo kidogo. Aidha, vikundi vipangwe na mwalimu mwenyewe: manahodha wakiachiwa kuchagua, anayebaki wa mwisho huwa yuleyule. Mtoto mwenye ulemavu apewe zoezi analolimudu, asiachwe kutazama pembeni.

Mitihani inapokaribia, kishawishi cha kugeuza kipindi cha michezo kuwa cha marudio huwa kikubwa. Mzazi anayepitia daftari la mwanawe jioni amuulize pia: leo umecheza nini?