Susu, usimpe mtu namba yako ya siri eti huoni

Saa sita mchana sokoni Mwingi au Wote, jua ni kali na kioo cha simu kinang'aa kama bati jipya. Susu anataka kulipia ndengu za shilingi 200. Haoni kitu. Anampa simu kijana aliye karibu, kisha anamtajia namba yake ya siri kwa sauti, soko zima likisikia. Hapo hatari si mwizi tu. Sifuri moja ikizidi, 200 inakuwa 2,000, na hizo ndizo pesa za Inua Jamii za mwezi mzima.

Kutoona vizuri si uzembe. Kuanzia miaka ya 40 hivi, lenzi ya jicho hukakamaa, ndiyo maana watu husukuma simu mbali wakisoma. Tundu la mboni nalo hupungua. Mtu wa miaka 60 hupata karibu thuluthi moja tu ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20. Kwa hivyo maandishi ya kijivu yanapotea, na 3, 6 na 8 zinafanana.

Basi ingia kivulini kwanza, halafu ongeza mwanga wa kioo. Kwenye simu ya kisasa, fungua setingi na ukuze maandishi. Mulika mwizi nyingi hazina nafasi hiyo, lakini zina kitu ambacho simu ghali hazina: kidoti kwenye kitufe cha 5. Ukikipapasa, unajua 2 iko juu na 8 iko chini. Namba ya siri unaibonyeza mwenyewe, hata gizani.

Kusomewa si mbaya. Mjukuu asome kwa sauti jina la mpokeaji na kiasi, wewe ubonyeze. Ujumbe wa Hakikisha kwenye M-Pesa hukupa sekunde chache tu za kusitisha, na kwa macho ya miaka 70, kusema kweli, hazitoshi. Afadhali namba isomwe mara mbili kabla ya kutuma. Pesa zikienda kwingine, tuma ujumbe ule wa M-Pesa kwa 456 mara moja, kabla hazijatolewa.

Na kama ukungu hauishi hata kwa miwani, huenda ni mtoto wa jicho. Huo hutolewa kwa upasuaji. Nenda ukapimwe.